Fundi akisema "nozo zimeziba", muulize amepimaje

Ukiendesha IST, Passo, Raum au Noah hapa Dar, iko siku utaambiwa tu: "Bosi, hapa nozo zimeziba, tunashusha tunasafisha." Unakuwa umepeleka gari inayotetemeka ikiwa sailensi (imewaka ila hujakanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo inaondoka, asubuhi unapiga stata mpaka majirani wanachungulia, na wese lililokuwa linakufikisha Ijumaa saivi Jumatano taa imewaka. Nozo zinashushwa, zinapulizwa, zinarudishwa, unalipa, gari inatulia siku mbili tatu alafu ugonjwa unarudi palepale, na safari hii unaambiwa tatizo ni mafuta ya sheli unayojaza.

Sibishi kwamba nozo, vile vibomba vya kumwagia petroli kwenye injini, zinaziba, zinaziba kweli. Ila dalili zake ni zilezile za plagi iliyochoka, za koili ya kuipa plagi moto inayokatakata, za upepo unaoingia pasipotakiwa, za pampu dhaifu, za trotoli (mlango wa hewa) chafu, na kibaya zaidi hata mashine ya kupima inaweza kuandika kwamba mafuta hayatoshi wakati yapo ya kutosha kabisa. Hapo kwenye mashine ndo watu wengi wanaliwa hela, na mara nyingi fundi mwenyewe hajui kama anakudanganya, anasoma tu kilichoandikwa.

Tuanze na nozo yenyewe. Ni kibomba kidogo, ndani kina koili ya waya, springi na pini. Umeme ukipita koili inageuka sumaku, inanyanyua pini, petroli inatoka mdomoni kwa matundu madogo sana, nozo nyingine zina manne nyingine mpaka kumi na mbili. Kwenye injini ya 1NZ, hii ya IST na Vitz nyingi, petroli inasubiri nyuma ya hiyo pini kwa presha ya psi 44 mpaka 50, tairi zako kwa fundi wa upepo unajaza 30 na kitu tu. Inatakiwa itoke imechanika vipande vidogo sana ili ichanganyike na hewa, isitoke mchirizi. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, haiwezi kuongeza wala kupunguza ukubwa wa tundu, inachoweza kucheza nacho ni muda, gari ikiwa sailensi nozo inafunguka milisekunde mbili tatu basi. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila nozo inafunguka mara 375 kwa dakika hiyo, kwaiyo ukikaa masaa mawili kwenye foleni kutoka Mbezi mwisho mpaka Posta, kila nozo imefunguka na kufunga kama mara 45,000 na bado hujafika ofisini. Tundu likipungua kidogo tu, hiyo pungufu inajirudia mara zote hizo.

Sasa inazibaje. Kuna sehemu mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni mdomoni, na cha ajabu ni kwamba hapa inaziba gari ikiwa imezimwa, sio ikiwa inatembea. Injini ikiwa inafanya kazi petroli inayopita ndo inayoipoza nozo. Ukizima, maji yanaacha kuzunguka, feni inasimama, ila chuma bado ni cha moto balaa na joto linapanda kwenda kwenye nozo, ile petroli kidogo iliyobaki mdomoni inapikwa, sehemu nyepesi inapaa, sehemu nzito inabaki na kugandia, inakuwa vanishi ya kahawia. Kesho tena, keshokutwa tena. Ndo maana gari ya mtu anayetoka Sinza kwenda Mwenge, anazima, anawasha kwenda Makumbusho, anazima, anarudi nyumbani, inaweza kuwa na nozo chafu kuliko gari inayopiga Dodoma kila wiki, japo ya Dodoma ina kilomita nyingi mara kumi.

Hili sio tatizo la Bongo peke yake. Marekani miaka ya 1980 gari za nozo zilivyochukua nafasi ya zile za kabureta, malalamiko ya nozo kuziba yalijaa mpaka kampuni za mafuta zikaanza kuweka dawa ya kusafishia humohumo kwenye petroli, na kuanzia 1995 sheria ya kule ikalazimisha petroli yote iwe nayo. Kwaiyo ukiangalia video ya Mmarekani anasema "mimi sijawahi kusafisha nozo maisha yangu yote", sawa, ila kumbuka anajaza nini.

Sehemu ya pili ni juu, pale petroli inapoingilia. Kila nozo ina kijichujio kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele, hiki kinazuia uchafu mgumu kama kutu ya tenki, vumbi, vipande vya mpira wa bomba uliozeeka. Kikijaa nozo inakosa mafuta hata kama mdomo wake ni msafi. Na kinajaa kwa sababu filta kubwa ya mafuta imeshachoka. Kwenye Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 hiyo filta iko ndani ya tenki pamoja na pampu, huioni ukifungua boneti, kwaiyo kuna gari hapa mjini zina miaka kumi tangu zishuke bandarini na filta ni ileile iliyotoka nayo Japani. Mwenye gari anabadilisha oili kila baada ya kilomita 3,000 kwa uaminifu mkubwa ila filta ya mafuta hajui hata kama ipo.

Na uchakachuaji? Upo kwenye historia yetu, hilo halina ubishi, EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kugundua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili hiyo biashara isilipe. Mafuta ya taa ni mazito, hayapai haraka kama petroli, kwaiyo yanaungua vibaya, yanaacha masizi na injini inagonga. Lakini kabla hujailaumu sheli jiulize maswali mawili. Gari ilianza kuumwa lini? Kama ni mafuta, ugonjwa unaanza ukishajaza tu au baada ya kilomita chache, hauji taratibu miezi mitatu. La pili, inaumwa silinda ngapi? Petroli mbaya inaenda silinda zote nne kwa usawa, sheli haina uwezo wa kukomoa silinda namba mbili peke yake. (Na kuhusu ile ya kwamba ukitembea na taa ya mafuta imewaka pampu inavuta uchafu wa chini: pampu inavutia chini siku zote, hata tenki likiwa limejaa. Unachoharibu kwa kutembelea elfu kumi kumi ni pampu yenyewe, maana inapozwa na mafuta yanayoizunguka.)

Haya, sasa swali ambalo nadhani ni la muhimu kuliko yote na watu hawaliulizi. Kama nozo imeziba, mafuta yanayotoka ni machache. Kwa nini sasa gari inakula mafuta mengi zaidi?

Jibu liko kwenye sensa ya oksijeni, ile iliyochomekwa kwenye ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kontrolboksi kama kuna oksijeni iliyobaki. Ikibaki nyingi maana yake mafuta yalikuwa machache, kontrolboksi inaongeza muda wa nozo kufunguka. Ikiwa hamna, inapunguza. Ila gari zetu nyingi za silinda nne zina sensa moja tu inayoamua, na imekaa pale ambapo moshi wa silinda zote nne umeshakutana. Ni LUKU moja ya wapangaji wanne, unaona yuniti zinaishaje ila huwezi kujua nani ana friji na nani ana pasi. Kwaiyo nozo ya silinda ya pili ikiziba, oksijeni ya ile silinda inabaki, sensa inapiga kelele kwamba mafuta hayatoshi, na kontrolboksi inaongeza mafuta kwa wote, sio kwa namba mbili peke yake. Silinda tatu nzima zinalishwa kupita kiasi, ile moja bado ina njaa. Wese linakwisha, plagi tatu zinaanza kuwa nyeusi, moja inabaki nyeupe, na gari bado inatetemeka.

Na hapohapo ndo penye mtego wenyewe. Fikiria silinda ambayo nozo yake ni nzima kabisa ila plagi imekufa, au koili imepasuka na moto unatorokea pembeni. Hewa imeingia, petroli imeingia, hakijaungua kitu. Vyote vinatolewa nje vibichi kwenda ekzosi. Sensa ya oksijeni inaona nini? Inaona oksijeni nyingi, maana haikutumika. Ile petroli mbichi haiioni vizuri, yenyewe inajua oksijeni tu. Kwaiyo inatoa ripoti kwamba mafuta hayatoshi. Mashine inasoma P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una mafuta machache, na P0302 kwamba silinda ya pili inamis (mafuta yake hayaungui inavyotakiwa), fundi anaunganisha: mafuta machache plasi silinda inamis, basi nozo imeziba. Anasafisha nozo. Na akiwa anafungua anahamisha soketi, anagusa koili, anasugua plagi kidogo, anazima betri na kontrolboksi inasahau marekebisho yake yote, kwaiyo gari inatoka pale imetulia kweli. Siku tatu baadaye plagi ni ileile.

Ndo maana nasema hizo kodi (namba za mashine kama P0171) zinakuonyesha upelelezi uanzie wapi tu, hukumu bado. Kidubwasha cha blututhi cha ELM327 kinauzwa bei ndogo Kariakoo na kwenye simu kinakupa kitu kizuri kuliko kodi, zile asilimia zinazoandikwa STFT na LTFT, yaani kontrolboksi inaongeza au kupunguza mafuta kwa kiasi gani, ya kwanza ni ya sasa hivi na ya pili ni ya muda mrefu. (Kwa baadhi ya Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani hicho kidubwasha kinagoma kuunganisha, sio kwamba umeuziwa feki, ni lugha tofauti tu, tafuta fundi mwenye mashine ya Toyota.) Jumlisha hizo mbili. Ikiwa kati ya kutoa 10 na kuongeza 10 hiyo ni kawaida. Ikiwa inaongeza 20 au zaidi kuna kitu. Alafu angalia kwenye hali mbili, sailensi na ukiwa umeshikilia resi ya mizunguko 2,500 kwa dakika. Kama kwenye sailensi inaongeza sana ila kwenye resi inarudi kawaida, hiyo ni hewa inayoingia kwa wizi, mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifodi, maana tobo lilelile dogo linaonekana kubwa injini ikivuta hewa kidogo na halionekani injini ikivuta nyingi. Kama kwenye sailensi iko sawa ila kadri unavyokanyaga inazidi kuongeza, hapo mafuta yanaishia njiani, pampu au filta, au ile sensa ya kupima hewa imejaa vumbi inadanganya. Nozo zote zikiwa zimeziba kwa pamoja inaongeza kila mahali. Ikiwa moja tu ndo imeziba, asilimia inapanda kidogo na kuna silinda moja inayotajwa kwenye kodi, sasa hapo lazima uitenganishe na plagi na koili.

Kuitenganisha hakuhitaji mashine ya gharama. Chukua koili ya silinda inayotajwa, ihamishie silinda nyingine, futa kodi, tembea. Mis ikihama na koili umeshampata. Ikibaki, hamisha plagi. Ikibaki tena ndo unaanza kuitazama nozo kwa jicho baya, na hata hapo pima kompresheni (presha ya ndani ya silinda) kwanza kama gari imetembea sana, maana vali isiyofunga vizuri haisafishwi na dawa yoyote. Plagi nne na filta ya hewa ni hela ndogo ukilinganisha na kinachofuata, ila nunua sehemu unayoiamini, kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kuna orijino na kuna zinazofanana na orijino, na plagi feki mpya ni mbaya kuliko ya zamani ya halali.

Ukifika kwenye nozo sasa, anza na masikio. Injini ikiwa inanguruma weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozo na mpini sikioni, utasikia tiki tiki tiki. Zote zilie sawa. Iliyokaa kimya haifunguki, iwe ni umeme au pini imekwama. Zima, chomoa soketi, pima ohmu kwenye zile pini mbili, kwa Toyota za kawaida kama hizi ni 13 mpaka 14 hivi injini ikiwa ya baridi. Ukikuta haisomi kabisa au inasoma 2 wakati wenzake ni 13.8, hiyo imekufa koili ya ndani, usafi hautaisaidia, weka nyingine. Kodi za P0201 mpaka P0204 nazo zinazungumzia umeme wa nozo, waya au soketi, sio uchafu, na bado kuna watu wamesafishiwa nozo kwa kodi hizo.

Alafu jaribu kuchomoa soketi za nozo moja moja gari ikiwa sailensi. Ukichomoa ya silinda inayofanya kazi, injini inashuka na kutetemeka papohapo. Ukichomoa isibadilike kitu, hiyo silinda ilikuwa haichangii chochote tangu mwanzo. Angalia haraka maana kontrolboksi inarekebisha ndani ya sekunde chache. Na uchomoe nozo, sio koili, ukikata moto mafuta mabichi yanaenda kuungulia kwenye masega (kile cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi), na kuna mafundi wamekaa dakika kumi wanachomoa koili moja moja alafu mwezi ujao wanakwambia masega yameziba.

Presha nayo ipimwe kwa geji. Ile 44 mpaka 50 niliyotaja ikiwa 30, nozo hazina kosa lolote. Ukishazima, kwa Toyota nyingi isishuke chini ya 21 ndani ya dakika tano. Ikiporomoka, ama vali ya pampu haishikilii ama kuna nozo inavuja, na inayovuja ni ugonjwa wa upande wa pili: gari ngumu kuwaka ikiwa ya moto, harufu ya petroli, moshi mweusi, na ukichomoa dipstiki oili imeongezeka na inanuka wese. Hiyo usiendelee kutembea nayo, petroli inaosha oili kwenye silinda na injini inajila.

Tuseme umepima na kweli ni nozo. Unasafishaje?

Dawa za kumwaga kwenye tenki sio utapeli zote. Zenye PEA, yaani polietaamini, zinayeyusha vanishi kweli, ila taratibu, unamwaga kwa tenki zima kama chupa ilivyoandikwa na kutembea mpaka liishe, ikiwezekana safari ndefu ya barabara ya Bagamoyo au Chalinze badala ya foleni. Kama nozo imeanza tu kuchafuka inatosha. Kama silinda imeshakufa inamis muda wote, chupa haitaifufua, na haiwezi kuyeyusha kutu iliyokwama kwenye kile kijichujio cha juu hata ukimwaga tatu. Isome chupa, kama haisemi ina nini ndani iache. Mafuta ya taa kwenye tenki kama dawa, tafadhali, ndo kilekile ambacho serikali iliweka vinasaba ili kukizuia.

Njia ya kati ni kuzima pampu na kuunganisha chupa ya dawa kali moja kwa moja kwenye reli ya nozo (bomba linalozigawia nozo mafuta), injini inaunguza dawa yenyewe kwa dakika kadhaa. Inasafisha mdomo kuliko ya tenki na haihitaji kushusha kitu. Kasoro yake ni kwamba hujui nozo zilikuwaje kabla na zikoje baada.

Ya uhakika ni kushusha na kupeleka kwenye mashine yenye mirija ya kioo na bafu la mawimbi ya sauti, ziko gereji kadhaa mjini wanazo. Zinapangwa zote nne kwenye reli ya mashine, zinapigwa presha na kufunguliwa kwa muda sawa, unaona kwa macho yako kila mrija umejaa mililita ngapi, mafuta yanatoka yamechanika au mchirizi, na zikiwa zimefungwa zinadondosha au hazidondoshi. Ndo baadae zinaingizwa kwenye bafu, pini zikiwa zinachezeshwa na umeme ili uchafu wa ndani utoke, vijichujio na oringi (pete za mpira) mpya vinawekwa, na zinapimwa tena. Hapa ndo unatakiwa uwe mbishi. Vipimo vya kabla ya kusafisha ni muhimu kuliko vya baada, na ndivyo mafundi wengi wanavyoviruka. Kama kabla ya kusafisha mirija ilikuwa 60, 61, 60 na 59, nozo zako hazikuwa na tatizo, usilipe ukidhani umepona, rudi kwenye koili na upepo. Kama ilikuwa 60, 41, 58, 60, sawa, huyo hapo, na baada ya kusafisha tofauti kati ya ya juu na ya chini iwe ndani ya asilimia 5 hivi. Ikibaki na pengo la asilimia 10 au zaidi badilisha hiyo moja. Piga picha kabisa, fundi mzuri hakasiriki.

Ile ya kuchomekea nozo kwenye betri ya gari na kupuliza kabkilina (dawa ya kusafishia kabureta) naifahamu, iko mitaani kila kona. Inaweza kuzibua, nisiseme uongo. Ila ukiacha umeme muda mrefu unaweza kuunguza koili ya ndani, kabkilina nyingine zinavimbisha mpira, petroli na cheche za betri ziko sehemu moja na fundi anavuta sigara, na mwisho wa yote hamna aliyepima chochote, mnaangaliana tu mnasema inatoka vizuri. Kuchokonoa mdomo kwa sindano au brashi ya waya, hapana kabisa. Yale matundu ni kama moja ya tano ya milimita, ukiyapanua au kuyapindisha mafuta yanapiga ukuta badala ya vali, na hamna bafu litakalorudisha.

Nozo za mtumba za Japani ni chaguo zuri kuliko mpya za bei ya kutupa, ila namba iliyoandikwa ubavuni ifanane na yako, na uzipitishe kwenye mashine kabla hazijafungwa.

Kwenye kufunga kuna mambo yanayoharibu kazi nzuri. Kabla ya kufungua toa fyuzi au relei ya pampu, washa mpaka injini ijizime yenyewe, chomoa tominali hasi ya betri, na injini iwe ya baridi, la sivyo petroli yenye presha inaruka kwenye ekzosi ya moto. Oringi za zamani zisirudi hata kama zinaonekana nzima, na mpya zipakwe petroli au oili nyepesi zisichanike zikiingia, maana oringi ya chini ikikatika inaingiza hewa ya wizi na utarudi na mis ileile uliyoondoka nayo, mkianza kulaumu usafi. Ukimaliza geuza swichi on, off, on mara kadhaa bila kuwasha, pampu ijaze presha, kagua kwa tochi kama kuna unyevu. Ndo uwashe. Kontrolboksi nayo inakuwa imesahau, sailensi ikiyumba siku ya kwanza iache ijifunze.

Yote haya nimeyasema kwa nozo za kawaida zinazomwagia mafuta kabla ya vali. Gari za D-4, zile Noah na Premio za 1AZ-FSE ambazo watu wa hapa wanaziogopa, nozo imeingia ndani kabisa ya silinda kwenye moto, presha ni baa 80 mpaka 130, na kwa kuwa petroli haipiti tena kwenye vali, masizi yanajaa kwenye njia ya hewa na dawa ya tenki haiyagusi. Gari hizo zikianza kutetemeka mara nyingi ni huo uchafu wa njia ya hewa na trotoli, nozo zinasingiziwa. Dizeli za kisasa kama Prado na Hilux za 1KD ndo usiguse kabisa ukiwa nyumbani, presha kwenye reli inaweza kupita baa 1,000, ukilegeza bomba injini ikiwaka dizeli inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hiyo ni ya kukimbizwa Muhimbili hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Na kwa nyingi za hizo, kila nozo ina namba yake ndefu imeandikwa kichwani, ya kuiambia kontrolboksi hii nozo inatoa mafuta kiasi gani hasa, kwaiyo ukibadilisha nozo au hata kuhamisha ya silinda moja kwenda nyingine bila kuingiza hizo namba kwa mashine, injini itagonga na kutoa moshi na nozo zote ni mpya.